Mafahali Watano

Gramu nane kasoro kidogo za chuma.
Kobalti inazidi hapo, nikeli inaifuata kwa karibu,
kromi imevunjikavunjika kama chumvi ya mawe.
Manganizi namwongezea punje mbili tatu:
huyu ni mtoro, ukimwonyesha moto
anapanda na moshi kabla hujamwita jina.

Si uzito ninaosawazisha, ni idadi.
Atomi kwa atomi, kichwa kwa kichwa,
asiwepo wa kusema hapa ni kwetu.

Tunafunga chumba, tunanyonya hewa,
tunaingiza argoni, gesi isiyooana na mtu.
Kisha cheche, na jua dogo
juu ya sahani ya shaba inayopozwa kwa maji.
Kitonge kikiganda Bi Jui-lan anakigeuza kama chapati.
Mara tano. "Asibaki mmoja," anasema,
"amejibanza pembeni na ndugu zake."

Tangu zamani kila metali ilikuwa na mwenye nyumba.
Shaba akimkaribisha bati.
Chuma akimpa kaboni jamvi la kulalia.
Hapa nimemtafuta mwenyeji kwa hadubini siku tatu
nimeona wageni watupu,
huyu mnene, yule mwembamba, safu haikunyooka,
na kasoro ikitaka kuteleza humo ndani
hupita kama mtu gizani sebuleni
akitafuta mlango kati ya miguu ya waliolala.

Profesa anasema ni mvurugo wenyewe unaowaunganisha,
ni wengi mno wasiweze kuchagua upande.
Sibishi. Ila kuna kipande
nilikiacha tanurini, nyuzi mia tano, mwaka na ushei,
nilipokikata nikawakuta wamegawanyika
koo kwa koo, kimyakimya,
wala hakuna aliyesikia ugomvi.
Hicho nimekifungia kwenye droo.

Mwezi wa kumi na moja upepo wa Hsinchu hauna adabu.
Unakausha tambi za mchele kwenye vichanja,
unatikisa madirisha ya maabara,
na sisi ndani tunatafuta baridi zaidi:
naitrojeni imemiminwa, inachemka bila moto,
nyuzi mia na tisini na sita chini ya sifuri.
Huko chuma cha kawaida husahau kupinda.
Hukatika kama biskuti.

Sampuli ya arobaini na moja. Mashine ikavuta.
Mstari ukapanda kwenye skrini, nikakunja uso
nikingoja mlio.
Haukuja.
Ndani yake fuwele zilikuwa zikijikunja pacha kwa pacha,
tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba,
kila pacha ukuta kwa anayekuja nyuma,
ikawa inarefuka, na kadiri inavyorefuka
ndivyo inavyogoma.
Waliosema mafahali wawili hawakai zizi moja
hawakupata kuwaona watano
wakivutwa pembe na mkia kwenye barafu.

Paa!

Nikafumba macho. Wiki saba za kazi.
Bi Jui-lan akainama, akainuka na vipande viwili kiganjani:
pini ya kushikilia, ya chuma cha dukani,
niliyoipachika mwenyewe Jumatatu
kwa kuwa ile ya kiwandani sikuiona.
"Haya, Szu-yin, andika."
"Niandike nini?"
"Kwamba leo tumepima pini."

Alicheka mpaka miwani ikaingia ukungu.
Mimi sikucheka, mpaka nilipoitoa sampuli kwa koleo
nikailaza juu ya kitambaa.
Ilikuwa imenyooka shingo, nzima,
mvuke ukimtoka mgongoni
kama ng'ombe aliyevuka mto alfajiri.
Tulikaa tukimwangalia anavyopata joto.
Nje bati fulani liling'oka, likabiringika barabarani.

Nikafungua daftari:
Na. 41, haikukatika.
Pini, vipande viwili.
Ninunue nyingine. Si kwa Bwana Chan wa kona.